Triga ya Schmitt

Triga ya Schmitt ni saketi ya elektroniki inayopokea ishara ya umeme inayobadilika polepole au yenye kelele na kuigeuza kuwa ishara safi ya kidijiti yenye hali mbili tu: juu (1) au chini (0). Inatofautiana na lango la mantiki la kawaida kwa sababu ina vizingiti viwili vya volteji badala ya kimoja. Siku hizi hupatikana ndani ya chipu za bei nafuu kama vile 74HC14, 74HC132, 40106 na 4093. Chipu hizo hazifanani, na anayebuni saketi hana budi kujua ipi inafaa kazi yake. Makala hii inaeleza jinsi triga hiyo inavyofanya kazi na namna ya kuchagua chipu yake.

## Jinsi inavyofanya kazi

Lango la kawaida la mantiki lina mpaka mmoja. Ishara ikiwa juu ya mpaka huo, lango huisoma kama 1. Ikiwa chini yake, huisoma kama 0. Ishara ikipanda polepole huku ikitetemeka kidogo, itauvuka mpaka mara nyingi kwenda na kurudi, na lango litatoa mfululizo wa 0 na 1 mahali palipotakiwa badiliko moja tu.

Triga ya Schmitt ina *kizingiti cha juu* na *kizingiti cha chini*. Ishara inayopanda haihesabiwi kuwa 1 mpaka ivuke kizingiti cha juu. Ikishahesabiwa hivyo, haihesabiwi tena kuwa 0 mpaka ishuke chini ya kizingiti cha chini. Ishara ikiwa katikati ya vizingiti hivyo, triga hubaki katika hali iliyokuwa nayo. Tofauti ya volteji kati ya vizingiti viwili huitwa histeresisi.

Mfano rahisi ni pampu ya kujaza tangi la maji. Kama pampu ingewashwa na kuzimwa kwa alama moja tu ya kina cha maji, kila wimbi dogo ndani ya tangi lingeiwasha na kuizima mfululizo hadi iharibike. Kwa hiyo mafundi huweka alama mbili: pampu huwaka maji yanapofika alama ya chini, na huzimika yanapofika alama ya juu. Umbali kati ya alama hizo ndio histeresisi.

Ndani ya saketi, tabia hii hupatikana kwa *mrejesho chanya*: sehemu ndogo ya ishara inayotoka hurudishwa upande wa kuingilia ili kuunga mkono badiliko lililoanza. Ndiyo maana triga hubadilika ghafla, hata kama ishara inayoingia inatambaa taratibu.

## Historia

Triga hii ilibuniwa mwaka 1934 na Mmarekani Otto Schmitt (1913–1998), alipokuwa bado mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis. Schmitt alikuwa akichunguza jinsi neva za ngisi zinavyosafirisha ishara. Alitaka kuiga kwa umeme tabia ya neva ya kutoitikia kabisa mpaka kichocheo kifikie kiwango fulani, kisha kuitikia kwa ukamilifu. Saketi yake ya kwanza ilitumia valvu za utupu, kwa kuwa transista ilikuwa haijavumbuliwa. Aliichapisha katika jarida la kisayansi mwaka 1938.

Baada ya transista na saketi jumuishi kupatikana, triga iliingizwa ndani ya chipu za mantiki. Kampuni ya Texas Instruments ilianza kuuza familia ya 7400 katika miaka ya 1960, na chipu za triga za familia hiyo zilipewa namba 7413, 7414 na 74132. Kampuni ya RCA ilileta familia ya 4000 mwaka 1968. Chipu zake za triga zinazojulikana zaidi ni 4093 na 40106.

## Kwa nini lango la kawaida halitoshi

Watengenezaji huweka kikomo cha muda ambao ishara inaruhusiwa kuchukua inapopanda au kushuka. Kwa malango ya kawaida ya familia ya 74HC yanayoendeshwa kwa volti 4.5, muda huo haupaswi kuzidi nanosekunde 500. Familia za kasi zaidi kama 74LVC zina masharti makali zaidi: takriban nanosekunde 10 kwa kila volti moja, chipu inapoendeshwa kwa volti 3.3.

Kitufe chenye kapasita huchukua milisekunde kadhaa kubadili volteji, yaani maelfu ya mara zaidi ya kikomo hicho. Sensa ya mwanga wakati wa magharibi huchukua dakika nyingi. Lango la kawaida likipewa ishara kama hizo linaweza kutoa mapigo ya uongo, na chipu inayohesabu mbele yake itahesabu mara kumi kitu kilichotokea mara moja. Kwa ingizo lenye triga ya Schmitt, kikomo hicho hakipo.

## Namna ya kuchagua chipu

Maswali matano yafuatayo hutosha kwa kazi nyingi. Majibu yake hupatikana katika karatasi ya maelezo ya mtengenezaji, ambayo kila chipu huwa nayo.

### 1. Volteji ya kuiendesha ni ipi?

Swali hili huja kwanza kwa sababu jibu baya huunguza chipu. Familia ya 74HC hufanya kazi kati ya volti 2 na 6, na huharibika ikizidishiwa zaidi ya volti 7. Familia ya 74HCT na ile ya zamani ya 74LS zinahitaji volti 5. Chipu za 74LVC zenye lango moja hufanya kazi kuanzia volti 1.65 hadi 5.5. Familia ya 4000 ina upana mkubwa zaidi: volti 3 hadi 15, na baadhi ya watengenezaji huruhusu hadi 18.

Kwa hiyo saketi inayotumia betri ya volti 12 ya umeme wa jua inaweza kuendesha 4093 au 40106 moja kwa moja, ilhali 74HC14 ingeungua. Hata hivyo, chipu iunganishwe upande wa betri. Paneli inayoitwa ya "volti 12" inaweza kutoa zaidi ya volti 20 isipokuwa na mzigo, na kiasi hicho kinaipita hata familia ya 4000.

### 2. Je, ishara inavivuka vizingiti vyote viwili?

Ishara isiyofika kizingiti cha juu haitaiwasha triga, na isiyoshuka chini ya kizingiti cha chini haitaizima. Ugumu ni kwamba vizingiti havilingani kwa kila chipu, hata za namba moja kutoka kiwanda kimoja. Kwa sababu hiyo mtengenezaji hutoa thamani tatu: ndogo kabisa, ya kawaida na kubwa kabisa.

Kwa 74HC14 inayoendeshwa kwa volti 4.5, kizingiti cha juu kwa kawaida huwa karibu volti 2.5, lakini kinaweza kufika 3.15. Kikikadiriwa kwa volti 5, kikomo hicho huwa takriban volti 3.5. Sasa chukua mikrokontrola inayotoa volti 3.3, kama ESP32. Ikiunganishwa na 74HC14 ya volti 5, huenda ikafanya kazi mezani, kwa kuwa chipu nyingi zina kizingiti cha karibu volti 2.5 hadi 3. Lakini hakuna uhakika: chipu nyingine ya namba hiyohiyo inaweza kukataa kabisa kuiona ishara hiyo. Chipu sahihi hapo ni 74HCT14, ambayo kizingiti chake cha juu hakizidi takriban volti 2.

### 3. Je, histeresisi inaizidi kelele?

Kelele yote, kuanzia bonde lake hadi kilele chake, lazima iwe ndogo kuliko histeresisi. Hapa pia thamani ya kutegemea ni ile ndogo kabisa. Kwa 74HC14 katika volti 4.5, histeresisi ya kawaida ni karibu volti 0.9, lakini mtengenezaji anaahidi volti 0.4 tu.

Tuseme sensa ya mwanga inapata pia mwanga wa taa za umeme. Katika nchi zenye umeme wa hezi 50, zikiwemo Kenya na Tanzania, taa nyingi humemeteka mara 100 kwa sekunde, na mmemeteko huo huonekana kwenye ishara ya sensa. Ukiwa wa volti 0.2, 74HC14 yoyote itaupuuza. Ukiwa wa volti 0.6, chipu nyingi zitaupuuza lakini baadhi zitaufuata. Mwanafunzi aliyejaribu chipu moja ataamini saketi yake ni salama. Aliyetengeneza saketi hamsini atakuta chache zinawaka na kuzima ovyo. Dawa yake ni kupunguza kelele kwanza kwa rezista na kapasita, au kutumia saketi ambayo histeresisi yake huchaguliwa na mbunifu mwenyewe.

Katika familia ya 4000 histeresisi hukua pamoja na volteji ya kuiendesha. Kwa 40106 thamani ndogo kabisa ni karibu volti 0.3 inapoendeshwa kwa volti 5, na karibu volti 1.2 inapoendeshwa kwa volti 10. Kwa mazingira yenye kelele nyingi, kuiendesha kwa volteji kubwa zaidi ni msaada wa kweli.

### 4. Lango la aina gani, na pini zimepangwaje?

Lango la NOT hugeuza ishara: 1 huwa 0, na 0 huwa 1. Lango la NAND lenye maingizo mawili hufaa pale ishara moja inapotakiwa kuruhusu au kuzuia nyingine. Maingizo yake yakiunganishwa pamoja huwa NOT. Asiyetaka ishara igeuzwe anaweza kutumia 74LVC1G17, au kuipitisha katika malango mawili ya NOT yanayofuatana.

Chipu za 7414, 74HC14 na 40106 zina mpangilio mmoja wa pini, ila volteji na kasi zake hazilingani. Kwa 74HC132 na 4093 mambo ni tofauti. Zote mbili zina malango manne ya NAND na pini 14, na wengi hudhani zinaweza kubadilishana nafasi. Katika 74HC132 lango la pili huingilia pini 4 na 5 na kutokea pini 6. Katika 4093 lango hilo huingilia pini 5 na 6 na kutokea pini 4. Ubao uliochorwa kwa ajili ya moja hautaifaa nyingine.

### 5. Kasi na mkondo unaohitajika ni kiasi gani?

Lango la 74HC14 huitikia kwa takriban nanosekunde 12 katika volti 5, na 40106 kwa takriban nanosekunde 140. Kwa kitufe au sensa ya mwanga tofauti hiyo haina maana yoyote. Kwa mapigo ya mamilioni kwa sekunde, ina maana kubwa.

Mkondo nao ni muhimu. Lango la 74HC14 linaweza kuwasha LED ndogo kupitia rezista ya kilo-omu 1, ambapo mkondo huwa karibu miliampea 3. Chipu za familia ya 4000 zinazoendeshwa kwa volti 5 hutoa takriban miliampea 1 tu, kwa hiyo LED au rilei iwekewe transista. Rilei haiwashwi moja kwa moja na chipu yoyote kati ya hizi.

## Chipu zinazotumika sana

| Chipu | Malango yaliyomo | Volteji ya kuiendesha | Inafaa kwa |
|---|---|---|---|
| 74HC14 | 6 ya NOT | 2 hadi 6 | kazi nyingi za volti 3.3 na 5 |
| 74HCT14 | 6 ya NOT | 4.5 hadi 5.5 | kupokea ishara ya volti 3.3 katika saketi ya volti 5 |
| 74LS14 | 6 ya NOT | 4.75 hadi 5.25 | kutengeneza vifaa vya zamani |
| 74HC132 | 4 ya NAND | 2 hadi 6 | ishara inayohitaji kuruhusiwa au kuzuiwa |
| 74LVC1G14 | 1 ya NOT | 1.65 hadi 5.5 | nafasi ndogo na kasi kubwa |
| 74LVC1G17 | 1 isiyogeuza | 1.65 hadi 5.5 | kusafisha ishara bila kuigeuza |
| 40106 | 6 ya NOT | 3 hadi 15 | betri ya volti 9 au 12 |
| 4093 | 4 ya NAND | 3 hadi 15 | oskileta na kengele za betri |

Kwa mwanafunzi anayeanza, 74HC14 na 40106 hupatikana katika umbo kubwa lenye miguu inayoingia kwenye ubao wa majaribio. Chipu za lango moja za 74LVC ni ndogo sana na hulehemewa juu ya ubao.

## Mfano wa kwanza: kusafisha kitufe

Kitufe kinapobonyezwa, vipande vyake vya chuma hudundadunda kwa milisekunde chache kabla ya kutulia. Mikrokontrola au kihesabio huona kila mdundo kama mbonyezo mpya. Kosa hili ni la gharama pale mapigo yanapohesabu kitu chenye thamani, kama chupa kwenye mtambo au lita za maji katika mita.

Saketi ya kuzuia hali hiyo huwa hivi: rezista ya kilo-omu 10 huunganisha ingizo la 74HC14 na volti 5, kapasita ya mikrofaradi 1 huunganisha ingizo hilo na upande hasi, kitufe, kikiwa na rezista ya omu 100 mfululizo nacho, huwekwa sambamba na kapasita. Kitufe kikibonyezwa, kapasita humwaga chaji yake haraka. Kikidunda, kapasita haipati muda wa kujaa tena, na triga haioni kitu. Kikiachiwa, kapasita hujaa taratibu mpaka ivuke kizingiti cha juu, na tokeo la lango hubadilika mara moja tu.

Muda wa kujaa hutegemea chipu iliyopatikana. Kwa vipimo hivi utakuwa takriban milisekunde 4 kwa chipu yenye kizingiti cha chini zaidi kinachoruhusiwa, na takriban 12 kwa yenye kizingiti cha juu zaidi. Ikiwa kitufe hudunda kwa milisekunde 8, kapasita iongezwe mpaka hata ule muda mfupi kabisa uzidi 8.

Ikumbukwe kwamba triga peke yake, bila rezista na kapasita, haizuii midundo. Kila mdundo huenda kutoka 0 hadi volti 5, na hakuna histeresisi ya chipu inayofikia ukubwa huo.

## Mfano wa pili: oskileta

Lango moja la 40106, rezista moja na kapasita moja hutosha kutengeneza oskileta. Rezista huunganisha tokeo na ingizo, na kapasita huunganisha ingizo na upande hasi. Kapasita hujaa mpaka kizingiti cha juu, tokeo hugeuka, kapasita humwaga mpaka kizingiti cha chini, na mzunguko huanza upya. Muda wa mzunguko mmoja ni:

T = R × C × ln [ (V − Vc) ÷ (V − Vj) × Vj ÷ Vc ]

ambapo V ni volteji ya kuiendesha chipu, Vj ni kizingiti cha juu na Vc ni kizingiti cha chini.

Kwa volti 5, rezista ya kilo-omu 100 na kapasita ya nanofaradi 100, na vizingiti vya kawaida vya volti 2.9 na 1.9, muda huwa milisekunde 8.1, yaani takriban hezi 123. Lakini histeresisi ya 40106 katika volti 5 inaruhusiwa kuwa kati ya volti 0.3 na 1.6. Tukichukua vizingiti vilivyo sawa pande zote mbili za volti 2.4, histeresisi ya 0.3 inatoa karibu hezi 415, na ile ya 1.6 inatoa karibu hezi 75. Rezista na kapasita ni zilezile. Kilichobadilika ni chipu tu.

Kwa sababu hiyo oskileta hii inafaa kumemetesha taa au kupiga kengele. Haifai kuendesha saa. Pale mzunguko unapotakiwa kutabirika, chipu ya 555 ni bora zaidi, kwa sababu vizingiti vyake hupangwa na rezista za ndani kuwa theluthi moja na theluthi mbili za volteji ya kuiendesha. Kwa usahihi wa saa hutumika fuwele ya kwatsi.

## Makosa ya kawaida

* Kuacha maingizo yasiyotumika bila kuunganishwa. Katika chipu za 74HC na 4000, ingizo linaloning'inia huokota kelele na kulifanya lango libadilike ovyo. Liunganishwe na upande hasi au upande chanya.
* Kusahau kapasita ya chipu. Kapasita ya nanofaradi 100 iwekwe kati ya pini za umeme za chipu, karibu nazo iwezekanavyo. Bila hiyo, mabadiliko ya ghafla ya triga yenyewe huleta kelele mpya.
* Kudhani ishara ya polepole haina gharama. Wakati ishara ikiwa katikati, chipu hutumia mkondo mwingi kuliko ikiwa 0 au 1 kamili. Katika kifaa cha betri ndogo, ishara inayokaa katikati saa nzima huimaliza betri mapema.
* Kutegemea thamani ya kawaida. Thamani hiyo husaidia kukadiria tu; ubunifu hufanywa kwa thamani ndogo na kubwa kabisa.

## Pale chipu ya triga isipohitajika

Mikrokontrola nyingi zina triga za Schmitt ndani ya pini zake za kupokelea ishara. ATmega328P, inayotumika katika Arduino Uno, ni mojawapo. Kitufe kinachounganishwa nayo kinaweza kusafishwa kwa rezista na kapasita, au kwa programu inayosubiri milisekunde chache, bila kununua chipu nyingine.

Upande mwingine, kazi inayohitaji vizingiti vinavyojulikana kwa hakika, kama kukata mzigo betri inaposhuka hadi volteji fulani, haifai kuachiwa 74HC14 wala 4093. Hapo hutumika kilinganishi kama LM393 pamoja na chanzo imara cha volteji ya kulinganishia, na rezista za nje hupanga vizingiti vyote viwili. Hiyo nayo ni triga ya Schmitt, ila vizingiti vyake vimewekwa na mbunifu na si na kiwanda.